Mashini Ikiziba, Usitie Mkono

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani,

Tuanze hapa Saio. Robine ni moja, bidoni ni ishirini. Kila mtu akikimbia nyumbani kuleta bidoni nyingine, je, maji yatatoka mbio? Hapana. Kitakachoongezeka ni mstari na matusi. Robine ndiyo inaamuru mwendo wa wote.

Kiwanda cha dhahabu ni vile vile. Mawe yanatoka shimoni, yanapita mashini ya kuponda, kisha kinu cha kusaga, mwisho mahali pa kutenga dhahabu. Tuseme mashini ya kuponda inaweza tani 10 kwa saa. Watu wa shimoni wakileta tani 15, zile 5 zitalala njiani. Mwaka 1984 Eliyahu Goldratt alieleza jambo hilo katika kitabu chake The Goal: saa inayopotea pale penye njia nyembamba imepotea kwa kiwanda chote.

Kwa nini mtu wa dispanseri anasema hayo? Kwa sababu pale panapoziba ndipo vidole vinakatika. Mawe yanarundikana, shefu anapiga kelele, wenzake wanangoja. Mmoja anatia mkono katika mdomo wa mashini ingali inazunguka. Nimefunga mkono wa kijana aliyetaka kuokoa dakika tano. Kazi ilisimama siku nzima, na vidole vyake viwili havikurudi.

Basi tufanye hivi:

1. Tafuteni mahali mawe yanaporundikana kila siku. Fundi na vipuri vianzie hapo.

2. Wanaotangulia wapunguze mwendo, na mawe makubwa mno yatolewe kabla ya kufika mashinini.

3. Mashini ikiziba, izimeni, kateni umeme, tieni kufuli. Ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayezibua. Ngojeni mpaka gurudumu lisimame kabisa.

4. Mwagieni mawe maji. Vumbi lake lina silika: linatia mapafu makovu na kufungulia kifua kikuu mlango. Ugonjwa huo wa vumbi hauna dawa ya kuuponya, na kitambaa puani hakitoshi.

Mashefu, msihesabu tani peke yake. Nanyi mama, baba akijisifu jioni kwamba alizibua mashini bila kuizima, msimpongeze. Mwonyesheni watoto wanaongoja mikono ile.

Mashini ina vipuri. Mkono hauna.