Muungwana Akizivua Mwenyewe

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Kila mwaka nawataka wanafunzi wangu wa isimu waifafanue, na kila mwaka jibu huwa lile lile: mtu mwenye heshima akifikwa na aibu hujisitiri, hapayuki wala hagombani. Jibu hilo ni sahihi, nami hulitunuku alama zote. Hata hivyo, msomaji mpenzi, leo ninakiri kwamba siku moja nilichutama ilhali nilikuwa nimevaa nguo zangu zote, na waliokuwa uchi walisimama wima wakiniamkia.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2012, nilipokuwa nikiandaa tasnifu yangu ya uzamifu nchini Ujerumani. Mwenzangu mmoja, mwenyeji wa huko, alinialika kwenda kutembea katika milima ya Harz. Aliniarifu mapema kwamba njia tutakayoifuata ina desturi zake, nami nikaitikia pasipo kuuliza ni desturi gani. Tulipofika mwanzo wa njia nikakiona kibao kikimwonya mpita njia kwamba, ikiwa hataki kuwaona watu walio uchi, basi asiendelee mbele. Nilidhani ni mzaha. Hatukwenda mbali kabla ya kukutana na mume na mke, wazee wa umri wa wazazi wangu. Walikuwa na buti miguuni, kofia kichwani, shanta mgongoni na mkongojo mkononi. Zaidi ya hayo hawakuwa na kitu. Walitusalimu kwa furaha. Mimi niliinama ghafla nikajifanya ninafunga kamba za kiatu, kamba ambazo zilikuwa zimefungwa barabara. Huko ndiko kuchutama kwangu.

Njia hiyo ilifunguliwa rasmi mwaka 2010. Ina urefu wa kilomita 18 hivi, nayo hupita msituni kati ya kijiji cha Dankerode na bwawa la Wippra. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake kutambuliwa nchini humo, lakini mazoea yenyewe ni ya kale zaidi. Wajerumani huyaita Freikörperkultur, au FKK kwa ufupi. Tukilitafsiri neno hilo sehemu kwa sehemu tunapata "utamaduni wa mwili huru". Tazama, msomaji, jinsi lilivyoundwa: mna uhuru ndani yake, mna mwili, mna utamaduni, ila uchi haumo. Walioliunda walijua walichokuwa wakifanya. Anayelipa jambo jina huwa ameshalitetea nusu.

Chama cha kwanza cha watu wa mwelekeo huo kiliundwa katika mji wa Essen mwaka 1898. Hicho kilikuwa kipindi ambacho miji ya Ujerumani ilikuwa imejaa viwanda na moshi, watu wakibanana katika vyumba visivyopata mwanga, na kifua kikuu kikiwamaliza. Ndipo wakatokea walimu na matabibu waliohubiri kwamba dawa ni jua, hewa safi na mwendo wa miguu, na kwamba nguo nzito za enzi hiyo zilikuwa kizuizi. Serikali hazikuwaacha huru daima. Mwaka 1933, Wanazi walipotwaa madaraka, Hermann Göring alitoa amri ya kuupiga vita utamaduni huo. Baadaye, katika miaka ya 1950, wakuu wa Ujerumani Mashariki nao walijaribu kuwakataza watu kuogelea uchi katika pwani ya Baltiki. Wananchi walilalamika mno, hata mwaka 1956 serikali ikalegeza kamba na kutoa kanuni za kutenga mahali maalumu pa shughuli hiyo.

Mimi, kama Mwafrika, kuna jambo linalonikereketa katika historia hii. Wakati wakuu wa kikoloni na wamishenari walipokuwa wakitufundisha kwamba kuuacha mwili wazi ni ushenzi, huko makwao baadhi ya jamaa zao walikuwa wakivua nguo kwa ajili ya afya. Mjerumani mmoja aliyeuona mgongano huo ni Hans Paasche. Akiwa afisa wa jeshi la majini alishiriki katika kuzima vita vya Maji Maji mwaka 1905. Baadaye aligeuka, akawa mpinzani wa vita. Kuanzia mwaka 1912 alichapisha barua za kubuni za Mwafrika aitwaye Lukanga Mukara, anayezuru Ujerumani na kustaajabia vituko vya wenyeji, mavazi yao yakiwamo. Paasche aliuawa na wanajeshi wa nchi yake mwenyewe mwaka 1920. Funzo la kisa chake ni kwamba mpaka kati ya ustaarabu na ushenzi haukupita kamwe kwenye pindo la nguo.

Turejee msituni. Tulipolifikia bwawa la Wippra tuliwakuta wale wazee wameketi juu ya taulo wakila mkate. Yule bibi aliniuliza, pasipo kejeli yoyote, kama sikuwa nikisikia joto. Ukweli ni kwamba shati langu lilikuwa limelowa chepechepe na kunigandia mgongoni. Nilijitenga kando na mwenzangu, nikafikiri, nikalivua shati. Kisha, baada ya kufikiri tena, nikavua na yaliyosalia. Nilitembea hivyo kwa muda wa saa nzima, buti zangu miguuni na taulo begani.

Niliyoyapata si makubwa, wala sitayatia chumvi. Jasho lilikauka papo hapo. Nilitambua upepo unakotoka kwa ngozi ya mgongo, jambo ambalo sikulifanya tangu utotoni. Kivuli cha misonobari kilinipoza, jua likanipasha, na tofauti kati ya viwili hivyo niliihisi kila hatua. Zilikuwako adha pia. Mikanda ya shanta hukwaruza mabega, mafuta ya kukinga jua ni lazima, na kupe wa misitu hiyo hawabagui wageni. Lakini lililonishangaza zaidi ni kwamba baada ya robo saa nilisahau. Sikuwa tena mtu aliye uchi. Nilikuwa mtu anayetembea.

Ndipo nilipoukumbuka mto wa kwetu. Nilikulia magharibi mwa Kenya, karibu na mto Nzoia. Tulipokuwa wavulana tulioga mtoni kila jioni baada ya kurudisha ng'ombe, na hakuna aliyetuita watovu wa adabu. Akina mama walikuwa na kona yao, wanaume yao, nasi watoto yetu. Mtu yeyote aliyekuwa akiteremka mtoni alikohoa kwa sauti, au akapiga mluzi, kabla hajafika penye kona. Aliyekuwa majini alijibu. Kama hakuna aliyejibu, aliendelea, akijibiwa, alisubiri. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa. Ilikuwa hodi tu.

Naam, hodi! Kile kibao cha milima ya Harz nacho ni hodi, iliyopigwa kwa maandishi. Humwambia mpita njia yaliyoko mbele, kisha humwachia uamuzi. Asiyetaka anazo njia nyingine nyingi mlimani. Kwa maoni yangu, hapa ndipo lilipo suala zima, wala haliko katika ngozi ya binadamu.

Iangalie mifano ya waliokwenda bila hodi. Katika jimbo la Appenzell Innerrhoden, nchini Uswisi, watembezi wa uchi walizidi kumiminika milimani bila ya wenyeji kuulizwa. Mwezi wa Aprili mwaka 2009 wananchi walikusanyika uwanjani kama ilivyo jadi yao, wakainua mikono, wakapitisha katazo na faini ya faranga 200. Mwaka 2011 mahakama kuu ya nchi hiyo ilithibitisha adhabu ya mtembezi mmoja katika jimbo jirani, ambaye alikuwa amepita uchi mbele ya familia zilizokuwa zikipumzika na watoto wao. Mwaka 2015 kundi la watalii lilivua nguo na kupigana picha kwenye mlima Kinabalu, Malaysia, ambao wenyeji wake huuheshimu kama makao ya roho za wahenga wao. Siku chache baadaye tetemeko la ardhi likaua watu 18 mlimani humo. Tetemeko husababishwa na mwendo wa miamba, si na utupu wa watalii. Lakini uchungu wa wenyeji ulikuwa wa haki, kwani wageni wale walikuwa wameingia katika nyumba ya watu pasipo kubisha.

Sasa niirudie ile methali, maana mwanaisimu hawezi kuiacha ikiwa nusu. Kitenzi "vua" ni kauli ya kutendua ya "vaa". Anayevua hutendua alichokitenda mwenyewe. Lakini wahenga hawakusema "akivua". Walisema "akivuliwa", yaani walitumia kauli ya kutendwa, ambamo mtendaji ni mtu mwingine na muungwana ndiye anayetendewa. Kwa hivyo methali haitwambii kwamba mwili ni aibu. Hutuonyesha mtu aliyenyang'anywa haki ya kujisitiri. Silabi moja tu hutenganisha matembezi na dhuluma.

Wakenya tunayajua hayo kwa machungu. Mwezi wa Novemba mwaka 2014 wanawake walivuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume jijini Nairobi, wengine wakitazama na kupiga picha. Kisingizio kilikuwa kwamba mavazi yao hayakuwa ya heshima. Angalia kinaya hicho: watu wanaodai kulinda sitara wanamvua mwenzao! Wanawake waliandamana, na kabla ya mwaka huo kwisha sheria ilirekebishwa, ikaweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa anayemvua mtu nguo kwa nguvu. Kwa upande mwingine, tarehe 3 Machi mwaka 1992, polisi walipowavamia akina mama waliokuwa wakidai kuachiliwa kwa wana wao, wafungwa wa kisiasa, katika bustani ya Uhuru, baadhi ya akina mama hao walizivua nguo zao wenyewe kama laana. Hawakuchutama. Waliochutama, kwa maana ya ndani ya neno hilo, ni wale waliowalazimisha kufikia hapo.

Mizani niliyo nayo, basi, ina maswali mawili. La kwanza: nani mtendaji wa kitenzi? Amevua, au amevuliwa? La pili: je, hodi imepigwa, na ikaitikiwa? Wale wazee wa Harz hupita katika maswali yote mawili. Watalii wa Kinabalu huanguka katika la pili, ingawa hakuna aliyewavua. Nao wanaume wa Nairobi huanguka katika yote mawili, japo hakuna hata mmoja wao aliyevua shati.

Sipendekezi kwamba walimu wawapeleke wanafunzi uchi kwenye mlima Kenya. Mlima huo nao una wenyewe, ambao kwao ni mahali patakatifu, na hakuna aliyewabishia hodi. Ninalolipendekeza ni dogo zaidi. Mwalimu anapoifundisha methali hii darasani, asiishie kwenye maana ya kuhifadhi heshima. Amwombe mwanafunzi akionyeshe kidole kitenzi, ataje kauli yake, kisha aulize ni nani aliyevua. Mvulana aliyezoea kuuliza swali hilo darasani huenda akaliuliza pia siku atakapolikuta kundi limemzingira msichana kituoni. Na akiliuliza kwa sauti, pengine mmoja wa waliosimama pale atavua koti lake mwenyewe, amsitiri.