Mabawa ya Kuku ya Pakiti: Angalia Chumvi

Wakazi wa Nyamasaria wanaonunua mabawa ya kuku ya pakiti, yale yaliyokwisha kutiwa viungo, wanashauriwa kusoma lebo kabla ya kulipa. Protini imo, tena si haba. Mafuta mengi yako kwenye ngozi. Linalofichika ni chumvi. Mara nyingi huandikwa kama sodiamu, kwa kila gramu 100, si kwa pakiti nzima. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Mathalani, lebo ikisema miligramu 800, hizo ni gramu 2 za chumvi. Anayekula gramu 250 amekula chumvi gramu 5, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe kiasi hicho kwa siku nzima. Hapo sukuma wiki bado haijaonjwa. Mwenye presha apunguze vipande, na mpishi asiongeze chumvi: kuku alishakolezwa kiwandani.