Je, Wajua? Podo la Mwindaji wa Amazoni

JE, WAJUA kwamba podo la Wawaorani wa Ekwado hubeba mengi kuliko vishale? Podo lenyewe ni kipande cha mwanzi. Ubavuni huning'inizwa kibuyu cha duara chenye sufi, pamoja na taya la samaki pirana. Mkusanyaji anayelinunua bila kibuyu na taya amenunua nusu ya zana.

Taya hilo si pambo! Mwindaji hupitisha kishale katikati ya meno ya pirana na kukizungusha, meno yakaacha mkato mwembamba karibu na ncha iliyopakwa sumu. Kima akijaribu kukichomoa, ncha hukatikia mwilini. Kwangu mimi, huo ndio ufundi wa kustaajabisha kuliko yote yaliyomo podoni.

Na sufi? Ni ya msufi, ule ule ambao watu wa pwani yetu hujazia mito. Huviringishwa nyuma ya kishale ili izibe tundu la mwanzi wa kupulizia, pumzi isivuje. Mwindaji huiviringisha anapokaribia kupuliza, kwa hiyo kishale kisicho na sufi usikidhanie kibovu. Kishale chenyewe ni njiti tu, huchongwa kutoka uti wa kuti.

Je, wajua kwamba sumu yake, kurare, haiui kwa kusimamisha moyo? Huzuia amri za neva zisifike kwenye misuli. Misuli hulegea, ya kupumulia ikiwemo, na mnyama hufa kwa kukosa hewa. Nyama yake huliwa bila madhara, maana kurare haifyonzwi kirahisi tumboni. Mwaka 1814, Charles Waterton alishuhudia punda jike akichomwa sumu hiyo huko London, kisha akapulizwa hewa kwa mivukuto kupitia tundu lililotobolewa kooni. Akapona! Aliitwa Wouralia, akaishi hadi 1839.

Kurare ya makumbusho imeingia hata hospitalini. Mwaka 1935 Harold King alitenga tubokurarini, kemikali kuu ya kurare, kutoka sampuli ya zamani iliyohifadhiwa kwenye makumbusho. Mwaka 1942 Harold Griffith na Enid Johnson, huko Montreal, walitumia dawa ya kurare kulegeza misuli ya mgonjwa wa upasuaji. Ikiwa sampuli ya kabatini ilikuwa bado na kemikali yake, tafadhali usiguse ncha ya kishale cha kale kwa mkono mtupu.

Muuzaji akikuambia kishale chake cha Amazoni kina sumu ya chura, mhoji. Vishale vya chura vinajulikana kwa Waembera wa Kolombia, upande wa Pasifiki, ng'ambo ya milima ya Andes.

Na je, wajua kwamba Uingereza iliweka mianzi ya kupulizia vishale katika orodha ya silaha haramu mwaka 1988? Iliyozidi umri wa miaka 100 imesamehewa. Podo lililopambwa kwa meno ya jagwa lina sheria nyingine: mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, hauruhusu livushwe mpakani bila vibali.