Mbegu za nyasi za baridi: zinazofaa Dubai hazifai Kudhaa

Mfanyabiashara anayenunua mbegu za nyasi za bustani kwa ajili ya wateja wa Kismayo na visiwa vya Wabajuni anatakiwa kusoma jina la nyasi kwenye mfuko kabla ya kuuliza bei. Mfuko ukiwa ni wa nyasi za nchi za baridi, mzigo huo utaota vizuri, utamfurahisha mteja kwa wiki chache, kisha utakufa. Muuzaji atapata sifa wiki ya pili na lawama mwezi wa tatu.

Kosa hilo huanza kwa hesabu inayoonekana kuwa sahihi. Mnunuzi anafika Dubai, anakuta nyasi za kijani kibichi mbele ya hoteli na nyumba, anaulizia mbegu yake na kuambiwa ni rai. Anajisemea kuwa kama imestahimili jua la Ghuba, haiwezi kushindwa na upepo wa bahari wa Kudhaa. Naye Mbajuni aliyekaa Uingereza anataka mbele ya nyumba yake nyasi zile zile alizozizoea huko. Wote wawili wanaomba mbegu isiyofaa.

Kwa nini Dubai inawezekana

Nyasi za bustani zimegawanyika katika makundi mawili. Nyasi za baridi hukua vizuri hewa ikiwa na joto la nyuzi 15 hadi 24 za Selsiasi. Katika kundi hili kuna rai ya kudumu (Lolium perenne), rai ya mwaka mmoja (Lolium multiflorum), feskyu ndefu (Festuca arundinacea) na poa (Poa pratensis), ambayo Wamarekani huiita Kentucky bluegrass. Nyasi za joto hupendelea nyuzi 27 hadi 35. Humo mna ukoka (Cynodon dactylon), paspalamu ya pwani (Paspalum vaginatum) na zoisia (Zoysia japonica).

Dubai na Muscat hutumia makundi yote mawili kwa zamu. Ukoka ndio nyasi ya msingi. Mwezi Oktoba na Novemba, ukoka unapoanza kulala kwa sababu ya ubaridi, watunza bustani humwaga mbegu ya rai juu yake. Usiku wa Januari huko joto hushuka hadi karibu nyuzi 15, na rai hustawi. Joto likirudi rai hufa na ukoka huamka. Kwa maneno mengine, rai ya Ghuba ni zao la msimu mmoja, na wanaoinunua wanajua hivyo.

Kismayo na Kudhaa hazina msimu huo. Ziko kusini kidogo tu ya Ikweta, na joto la wastani ni takriban nyuzi 26 hadi 28 karibu mwaka mzima. Hata wakati wa kusi, miezi ya Julai na Agosti, usiku haupoi kiasi cha kuzinufaisha nyasi za baridi. Usiku wa joto huzifanya zitumie kupumua chakula kingi kuliko kile zinachotengeneza mchana. Mizizi hufupika, ukungu huingia, na maji zaidi hayasaidii.

Katika Afrika Mashariki, soko la mbegu za baridi liko nyanda za juu: Limuru, Molo na Nyandarua nchini Kenya, au Addis Ababa iliyo juu ya mita 2,300. Mwenye mzigo wa rai autafutie mteja huko, si pwani.

Chumvi na maji

Kikwazo cha pili ni chumvi. Visima vya mwambao mara nyingi hutoa maji ya magadi au ya chumvi, na udongo ni mchanga wa matumbawe usioshika maji. Poa ni dhaifu sana mbele ya chumvi, ilhali rai na feskyu huvumilia kwa kiasi. Ukoka huvumilia zaidi, na paspalamu ya pwani ndiyo inayoongoza. Kivulini, chini ya minazi au kando ya ukuta, ukoka hukonda. Hapo hufaa nyasi ya Pemba (Stenotaphrum dimidiatum), ambayo hupandwa kwa vipando.

Mvua ya Kismayo ni karibu milimita 400 kwa mwaka, nyingi ikinyesha kati ya Aprili na Juni. Anayepanda mwanzoni mwa mvua hizo huokoa gharama ya maji ya kununua.

Hesabu ya mfuko

Mbegu haiuzwi kwa uzito peke yake. Lebo hutakiwa kuonyesha usafi, yaani sehemu ya mfuko ambayo ni mbegu yenyewe, na uotaji, yaani sehemu ya mbegu hiyo inayoota. Zidisha asilimia hizo mbili upate mbegu hai.

Tuchukue mfano wa mifuko miwili ya kilo 25. Wa kwanza unauzwa dola 100, usafi asilimia 98 na uotaji asilimia 90: una kilo 22.05 za mbegu hai, sawa na dola 4.54 kwa kilo. Wa pili unauzwa dola 70, usafi asilimia 85 na uotaji asilimia 60: una kilo 12.75 tu, sawa na dola 5.49 kwa kilo. Mfuko wa bei rahisi ndio ulio ghali, na nauli ya mifuko yote miwili ni ile ile.

Nauli nayo inaupendelea ukoka. Rai huhitaji gramu 35 hadi 45 kwa mita moja ya mraba, hivyo kilo 25 hutosha takriban mita za mraba 600. Ukoka uliomenywa ganda huhitaji gramu 5 hadi 10, hivyo kilo 25 hutosha mita za mraba 2,500 hadi 5,000.

Njiani na ghalani

Kuna kanuni rahisi inayotumiwa na wahifadhi wa mbegu: jumla ya joto kwa nyuzi za Fahrenheit na unyevu wa hewa kwa asilimia isizidi 100. Ghala la pwani lenye nyuzi 80 na unyevu wa asilimia 75 lina jumla ya 155. Mbegu haikai humo msimu mzima bila kupoteza nguvu. Mifuko iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na saruji, ndani ya nailoni isiyopitisha unyevu, na isipakiwe pamoja na chumvi, samaki au mafuta.

Kwa vyombo vidogo vinavyotoka Kismayo kwenda visiwani, ni vyema mzigo ufike kabla ya kusi kushika. Bahari inapochafuka mwezi Juni, mbegu hubaki ghalani huku mvua ya kupandia ikipita.

Vyeti na mipaka

Somalia imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 4 Machi 2024. Uanachama huo haufuti masharti ya afya ya mimea. Mbegu zinazoingizwa Kenya huhitaji kibali cha KEPHIS kabla hazijapakiwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Vipando vya ukoka au nyasi ya Pemba vinavyotoka Mombasa navyo huhitaji cheti, na viende bila udongo. Kwa wanaotumia barabara, ikumbukwe kuwa mpango wa kufungua tena mpaka wa Kenya na Somalia uliotangazwa Mei 2023 uliahirishwa Julai mwaka huo huo. Ni busara kuthibitisha hali ya kituo husika kabla ya kulipia lori.

Tahadhari kwa mifugo

Mzigo wa rai au feskyu uliokosa mteja wa bustani usiuzwe kama mbegu ya malisho. Aina nyingi za bustani hufugwa makusudi pamoja na kuvu anayeishi ndani ya nyasi. Kuvu huyo hufukuza wadudu, lakini sumu yake huwatia mifugo kutetemeka, kuyumba na kudhoofu. Mbegu iliyopakwa dawa yenye rangi nayo isilishwe mnyama yeyote. Katika mji ambao mbuzi hupita kila uani, hasara ya bustani moja inaweza kugeuka kuwa kesi ya kundi zima la jirani.

Kwa hiyo, mnunuzi akifika dukani atafute maneno Cynodon dactylon au Paspalum vaginatum, aangalie tarehe ya kupimwa uotaji, na apige hesabu ya mbegu hai. Akikuta Lolium, Festuca au Poa, mfuko huo aurudishe rafuni hata ukiwa nusu bei.