"Haya" Isinitoshe

Mzee mmoja alifika kwenye duka la dawa ninapofanya kazi, hapa Tanga, kuchukua dawa ya kifua, vile vidonge vya rangi mbili. Nikamwambia, "Babu, utameza kimoja kila baada ya saa nane." Akaitikia, "Haya, mjukuu wangu."

Siku ya nne akarudi na kifua kilekile na vidonge karibu vyote. Kumbe kila siku alingoja saa nane mchana ipite, ndipo ameze kimoja. Mimi nilihesabu muda, yeye alitazama saa ya ukutani. Na kwa Kiswahili, sote wawili tulikuwa sahihi.

Tangu hapo nasikiliza kwa makini jinsi mtu anavyonijulisha kwamba hajanipata. Akisema "Ee?" au "Ati?", narudia yote. Akiuliza "Baada ya nini?", najua kipande kilichompotea, narudia hicho tu. Akisema "Yaani asubuhi, mchana na usiku?", basi ameshafanya kazi kubwa mwenyewe, kwangu imebaki kuthibitisha au kusahihisha.

Mwaka 2015, watafiti wakiongozwa na Mark Dingemanse walichapisha uchunguzi wa mazungumzo ya kawaida katika lugha 12, zikiwemo Kisiwu cha Ghana na lugha ya alama ya Argentina. Njia hizo tatu walizikuta katika lugha zote. Tena, kwa wastani, katika kila dakika 1.4 kulikuwa na mtu aliyemtaka mwenzake afafanue. Kwa hiyo kuuliza si dalili ya uzito wa kichwa. Ndivyo binadamu tunavyozungumza.

Ninachokiogopa ni "haya" ya heshima. Mbele ya koti jeupe wengi huona kuuliza ni utovu wa adabu, wakaondoka na fumbo mkononi. Ndiyo maana siku hizi sisemi "Umeelewa?", kwa sababu jibu lake nalijua. Nasema, "Hebu niambie utakavyomeza, nione kama nimeeleza vizuri." Hapo kosa, kama lipo, linakuwa langu.

Yule babu nilimpangia upya, kisha nikamwomba anirudishie. Akaanza: "Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, na saa…" Akanyamaza, akanitazama. "Ee?"

"Saa nne usiku, babu."

Akairudia mara mbili, ndipo akashika fimbo yake.