Samaki Hayupo Pale Unapomwona

Muulize mvuvi yeyote wa chusa, atakuambia: ukimlenga samaki pale unapomwona, umemkosa. Lenga chini yake kidogo. Hakufundishwa fomyula, mkono wenyewe umeshazoea. Samaki aliye kwenye kina cha mita 1, ukimtazama wima kutoka juu, huonekana kama yuko sentimita 75 tu. Ukimtazama kwa mshazari, anazidi kupanda.

Mwaka wa kwanza chuoni tulikuwa na kozi iliyofunga katika mzigo mmoja mawimbi, mwanga na viowevu. Niliiona kama kapu la masalio: yaliyokosa nafasi kwenye umakanika na umeme yametupwa humo. Viowevu tulivipitia mbiombio: shinikizo, kanieleza ya Archimedes, mtihani, basi. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba kapu lile lilikuwa na swali moja ndani yake: kitu kinachosafiri kikibadilisha mwendo, kinageukia wapi?

Kupinda kwa mwanga ndiko kunakomhamisha samaki machoni petu. Kanuni yake imepewa jina la Mholanzi Snell, aliyeifikia mwaka 1621. Lakini Ibn Sahl, mwanahisabati wa Baghdad, alikuwa ameshaichora mnamo mwaka 984, katika risala yake kuhusu vioo na lenzi za kuchomea. (Kitabu chetu cha kozi hakikumtaja hata kwa bahati mbaya.)

Kanuni hiyo inasema mwanga hupinda kiasi gani. Haisemi kwa nini. Newton aliuona mwanga kuwa ni chembechembe. Maji yakizivuta zinapokaribia, zitaingia kwa kasi kubwa zaidi, na njia yake itapinda vilevile inavyoonekana. Waliosema mwanga ni wimbi nao walipata mpindo uleule, ila kwa sharti la kinyume: ukiingia majini, mwanga lazima upunguze mwendo. Jibu moja, sababu mbili zisizopatana. Ubishi huo ulidumu zaidi ya karne moja, mpaka mwaka 1850 huko Paris, Léon Foucault alipoupitisha mwanga kwenye bomba la maji na kuupima kwa kioo kinachozunguka kasi. Mwanga uliopita majini ulichelewa. Hewani hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Majini, takriban 225,000.

Jambo hilohilo unaweza kulitazama bila kioo wala bomba. Kusi huyasukuma mawimbi mshazari kwenye pwani yetu, lakini yakikaribia ufukwe yamekwisha kugeuka, yanakuja karibu sambamba na mchanga. Ncha ya wimbi inayotangulia kufika kwenye maji machache hupunguza mwendo. Ile iliyobaki kilindini inaendelea kukimbia, na mstari mzima unageuka, kama mkokoteni ambao tairi moja limezama mchangani.

Na kwa nini maji machache yalicheleweshe wimbi? Hapo viowevu tulivyovipitia mbiombio vilikuja kudai haki yao. Wimbi likiwa refu sana kuliko kina, chukua kina kwa mita, zidisha kwa 9.8 ya mvutano wa dunia, tafuta kipeuo cha pili: umepata mwendo wake. Kwenye maji ya mita 10 ni karibu mita 9.9 kwa sekunde. Kwenye mita 2.5, nusu ya hapo. Mvutano wa dunia na kina cha maji, basi. Upepo ulioliamsha wimbi hauna tena la kusema.

Tarehe 26 Desemba 2004, kabla tu ya saa kumi alfajiri kwa saa zetu, sakafu ya bahari ilitetemeka karibu na Sumatra na kuzua tsunami. Wimbi la tsunami lina urefu wa mamia ya kilomita, kwa hiyo hata Bahari ya Hindi, yenye kina cha kilomita 4 hivi, kwake ni dimbwi. Ingiza mita 4,000 kwenye hesabu ile: mita 198 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 700 kwa saa, karibu mwendo wa ndege ya abiria. Kutoka huko hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 6,000. Gawanya, utapata muda wa saa nane na ushee. Kweli, maji yalifika mchana. Somalia walikufa watu karibu 300, na Tanzania pia kuna waliopoteza maisha. Mombasa, polisi walikuwa wameshawaondoa watu fukweni.