Fedha Inapobadili Njia: Utangulizi

Wengi huingia katika taaluma ya ufadhili wa asasi za kiraia na swali moja: serikali ikizibana asasi za kiraia, wafadhili huondoka au hubaki? Kendra Dupuy na Aseem Prakash walilipima kwa takwimu za nchi nyingi, wakaona kuwa misaada ya nchi kwa nchi hupungua sheria kali zikishapitishwa. Ni matokeo mazito. Hata hivyo, ningependa uanze na ile fedha inayobaki: inapita mikononi mwa nani, na kwa kazi gani?

Chukua Ethiopia. Sheria ya 2009 ilizuia asasi yoyote inayopata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake kutoka nje kugusa haki za binadamu, usawa wa kijinsia, haki za watoto au usuluhishi wa migogoro. Baraza la Haki za Binadamu la nchi hiyo na Chama cha Wanasheria Wanawake, vilivyokataa kuacha kazi hiyo, vilizuiliwa fedha benki. Gharama za utawala nazo zisizidi asilimia 30, na mwongozo uliofuata ukahesabu humo hata usafiri na mafunzo. Kwa hiyo asasi ya kufundisha wakunga vijijini ilionekana, kwenye vitabu vya hesabu, kama inayokula fedha ofisini.

Umoja wa Ulaya ulijadiliana na serikali mpaka mfuko wake wa asasi za kiraia ukahesabiwa kuwa fedha ya ndani. Hapa ndipo ninapokuomba ukae sana. Watetezi wa haki walipata pa kupumulia, ndiyo, lakini kwa ridhaa ya serikali ileile iliyowabana. Asasi nyingine zilijisajili upya kama za maendeleo, na maandiko ya miradi yakahama kutoka utetezi kwenda huduma. Sheria ilibadilishwa 2019. Wataalamu waliokwisha kutawanyika hawakurudi kwa tangazo la serikali.

Uganda inafundisha jingine. Wafadhili wa Ulaya walichangia mfuko mmoja wa utawala bora, DGF, kuanzia 2011. Usimamizi ukawa rahisi, na kuuzima pia: Januari 2021 barua ya Rais Museveni ilitosha kuusimamisha.

Sura ya kwanza inaanza na mikataba ya ruzuku yenyewe. Isome ukiwa na kalamu mkononi, hasa vipengele vya bajeti.